Kulinganisha spika ndefu za sebuleni: sawazisha kwanza, ndipo usikilize

Watu wengi wanaolinganisha jozi mbili za spika ndefu, zile za kusimama sakafuni, hulinganisha ukubwa wa sauti bila kujua. Jozi moja ikiizidi nyingine kwa desibeli 1 tu, sikio halisemi "hii imezidi sauti". Linasema "hii iko wazi, ina uhai, besi yake imeshiba". Ndiyo maana spika inayoshinda dukani mara nyingi ni ile inayopaza zaidi kwa volyumu ileile, na mnunuzi hulijua hilo akishafika nyumbani, redio ikilia peke yake bila mpinzani wa kuishinda.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusawazisha, kabla hata ya kuchagua wimbo. Tafuta faili la pinki noizi, ule mvumo unaofanana na mvua kubwa juu ya bati, wenye nguvu sawa katika kila okteva. Ukipata lililokatwa likabaki na masafa ya 500 hadi 2000 Hz, chukua hilo, kwa sababu besi hupotoshwa na chumba na itakudanganya kwenye kipimo. Weka simu yenye programu ya kupima sauti juu ya stendi, mahali kichwa chako kitakapokuwa, si mkononi wala mapajani. Programu ya simu inaweza kukosea desibeli kadhaa ikilinganishwa na mita ya maabara, lakini hapa hilo halina neno: kosa ni lilelile kwa jozi zote mbili, na tunachotafuta ni tofauti yao. Soma wastani wa sekunde 30, badili spika, rekebisha volyumu mpaka tofauti ishuke chini ya desibeli 0.5. Amplifaya inayoonyesha volyumu kwa namba hurahisisha kazi. Kwa ile yenye kitufe cha kuzungusha, bandika utepe pembeni mwa kitufe na uweke alama mbili kwa kalamu. Zima pangaboi na kiyoyozi wakati wa kupima na wakati wa kusikiliza.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kipimo kinachoitwa sensitiviti: desibeli ngapi zinasikika umbali wa mita 1 spika ikipewa volti 2.83. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati 1 kamili. Kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 90, ukiihesabu kwa wati 1, ni ya desibeli 87. Na spika ya desibeli 91 ikikutana na ya 86 kwenye amplifaya moja bila volyumu kuguswa, hiyo ya pili inahitaji nguvu zaidi ya mara 3 ili kuifikia tu. Haijashindwa kwa ubora, imenyimwa nafasi.

Jambo la pili ni kwamba spika mbili haziwezi kusimama mahali pamoja, na kuisogeza spika sentimita 50 kunabadilisha besi kuliko kuhama toleo la bei ya chini hadi la bei ya juu. Kuna njia mbili za kulikabili. Ya kwanza ni kuweka alama za utepe sakafuni na kuhamisha jozi nzima: jozi A itoke kabisa, jozi B ikae kwenye alama zilezile. Ni kazi nzito, na kumbukumbu ya sikio huchakaa haraka wakati unahangaika na nyaya. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, ni kulinganisha spika moja kwa moja: chukua moja ya jozi A na moja ya jozi B, zisimame jirani, zipigwe kwa zamu kwa mono, yaani chaneli mbili za wimbo zikiunganishwa kuwa moja, kisha zibadilishane nafasi na usikilize upya. Kama sifa uliyoisikia imehama pamoja na spika, ni ya spika. Kama imebaki palepale, ni ya mahali.

Wengine hushangaa kusikia kwamba spika za stereo zinafaa kujaribiwa moja moja. Floyd Toole, aliyeanza utafiti wake katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada mjini Ottawa na baadaye akauendeleza katika Harman, kampuni ya vifaa vya sauti huko Marekani, alionyesha kwamba wasikilizaji hutofautisha spika vizuri zaidi kwa mono kuliko kwa stereo. Stereo hujaza chumba kwa upana na kuficha makosa. Spika moja haina pa kujificha. Na inayoshinda kwa mono hushinda kwa stereo pia. Kinyume chake hakina uhakika.

Harman walijenga hata mtambo wa kuzibadilisha spika nyuma ya pazia kwa sekunde chache, ili kila moja isimame mahali palepale. Walikuwa na sababu. Mwaka 1994 Toole na mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio lililolinganisha kusikiliza kwa kuona na kusikiliza bila kuona, na hukumu za watu walewale zilibadilika pale walipoona umbo, ukubwa na jina la spika. Pazia la nyumbani si gumu kupata. Chagua kitambaa chepesi ambacho ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inapita bila kukwama. Kanga hukata kidogo sauti za juu, lakini inazikata sawasawa kwa spika zote mbili, kwa hiyo kwa kulinganisha tu inatosha. Mwenzako abadilishe waya huku wewe huoni, aandike zamu kwenye karatasi. Ukishindwa kuzitambua, umeokoa pesa nyingi.

Kinachofanana ni cha chumba, kinachotofautiana ni cha spika

Hapa ndipo sebule zetu zinapotofautiana na zile zinazoandikiwa tathmini nyingi tunazosoma. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za mbao zilizofunikwa bodi nyepesi za jipsamu. Kuta hizo hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya besi. Sebule ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala imejengwa kwa tofali, ikapigwa plasta, sakafu ikawekwa marumaru. Besi ikitoka kwenye spika haina pa kwenda ila kurudi. Kwa hiyo spika ambayo mwandishi wa huko ameiita nyembamba kwa besi inaweza kuwa ndiyo sahihi kwako, na ile aliyoisifu kwa besi nzito ikakuvumia mpaka maneno ya mwimbaji yasisikike. Ukisoma tathmini, tafuta kwanza mwandishi amesikiliza katika chumba cha namna gani. Asipokisema, pokea maneno yake kuhusu besi kwa tahadhari.

Kila chumba kina masafa yanayosimama kati ya kuta zinazotazamana. Kuyapata ni hesabu nyepesi: gawanya kasi ya sauti kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Katika joto la nyuzi 28 kasi ya sauti ni karibu mita 348 kwa sekunde. Chumba cha mita 5 kwa 4, dari mita 2.7, kitakuwa na vilele karibu 35 Hz, 43 Hz na 64 Hz. Ukilinganisha spika mbili na zote mbili zikavuma kwenye noti moja ya gitaa la besi, usizilaumu spika. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni karibu 41 Hz, jirani kabisa na kilele cha ukuta wa mita 4. Hakuna spika utakayonunua itakayokiondoa kilele hicho. Kitapungua ukisogeza kochi.

Kochi lililogusa ukuta wa nyuma ndilo kosa linalorudiwa zaidi, maana ukutani besi zote za chumba hukusanyika. Katikati kabisa ya urefu wa chumba nako si kuzuri: pale kilele cha kwanza kinageuka shimo na besi inayeyuka. Pa kuanzia ni asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa nyuma, yaani mita 1.9 kwa chumba cha mita 5, kisha sogea mbele na nyuma kwa sentimita 20 mpaka noti za besi zilingane nguvu. Sebule ndogo isiyoruhusu hivyo, angalau vuta kochi sentimita 40 kutoka ukutani.

Spika nazo zina ukuta wao. Wimbi la besi linaloenda nyuma hugonga ukuta na kurudi. Pale umbali kutoka koni, yaani kiwambo kinachotikisika usoni mwa spika, hadi ukutani unapokuwa robo ya urefu wa wimbi, linalorudi hulikuta linalotoka likiwa kinyume nalo, na masafa hayo hufifia. Koni ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani, shimo liko karibu 290 Hz. Ikiwa sentimita 60, karibu 145 Hz, mlemle inamoishi sauti ya mwanaume. Mita 1, karibu 87 Hz. Pima kutoka uso wa spika, si mgongoni: spika yenye kina cha sentimita 30 iliyoachiwa sentimita 30 nyuma yake imesimama kwenye sentimita 60. Jitahidi pia umbali wa ukuta ulio nyuma ya spika usilingane na ule wa ukuta wa pembeni, la sivyo mashimo mawili yanaangukia mahali pamoja.

Spika yenye tundu la besi mgongoni inahitaji nafasi ya sentimita 15 hadi 20 angalau, ili hewa ya tundu isibanwe. Besi ikizidi, ziba tundu kwa sponji laini. Viwanda vingi huiweka ndani ya boksi, na watu huitupa pamoja na plastiki. Kuziba tundu kunapunguza besi na mara nyingi kunaikaza. Fanya hivyo kabla ya kuikataa spika kwa uzito wa besi. Tundu lililo wazi liwekewe wavu mwepesi, kwa sababu mjusi na mende wanapapenda.

Marumaru yana tatizo la pili, huku kwenye masafa ya juu. Simama kati ya spika na kochi, piga kofi moja. Ukisikia mlio wa haraka unaokimbizana kati ya kuta, twita, yaani kipaza kidogo cha sauti za juu, ya spika yoyote itasikika kali humo. Zulia nene lenye kitambaa cha chini, lililotandikwa kati ya spika na kochi, ndilo la kwanza. Mkeka mwembamba humeza masafa ya juu kabisa tu na kuyaacha ya kati yakipiga kelele, hivyo sauti inapoteza mng'ao bila kupoteza ukali. Pazia liwe zito, lenye mikunjo, na liachwe sentimita 10 kutoka ukutani au dirishani. Makochi ya kitambaa husaidia kuliko ya ngozi. Haya yote yafanywe kabla ya kulinganisha, maana chumba kikali humpa ushindi mwenye twita iliyofifia, na baadaye ukinunua zulia utabaki na spika iliyopooza.

Ukitaka kuona kwa macho, ipo programu ya bure inayoitwa Room EQ Wizard, na makrofoni ya kupimia ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP, ambayo huja na faili lake la usahihisho. Piga mpito, yaani mlio unaopanda bila kukatika, kutoka 20 Hz hadi 20 kHz, pima sehemu 6 hadi 9 kuzunguka mahali pa kichwa, chukua wastani. Rudia kwa spika ya pili bila kusogeza chochote. Weka mstari mmoja juu ya mwingine. Chini ya 200 hadi 300 Hz itapanda na kushuka pamoja. Huyo ni chumba. Pale inapoachana, hasa juu ya 300 Hz, ndipo ulipo uamuzi wako.

Karatasi ya vipimo

Namba kubwa za wati zilizochapwa kwenye boksi, zile za PMPO, zisikusumbue. Geuza kifaa, soma bamba la nyuma: kama kinavuta wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kutoa wati 5000. Na kwa spika isiyo na amplifaya ndani, wati zilizoandikwa si nguvu inayotoa bali mzigo inaoweza kuubeba.

Nguvu unayohitaji kweli ni ndogo kuliko unavyodhani. Spika ya desibeli 87, wewe ukikaa mita 3, chumba kikirudisha sehemu ya sauti na spika ya pili ikiongeza yake, utapata karibu desibeli 84 kochini kwa wati 1 kila upande. Kusikiliza kwa wastani wa desibeli 80 kunakula chini ya nusu wati. Lakini pigo la ngoma linaweza kuruka desibeli 15 juu ya wastani, na hapo unataka zaidi ya wati 12 kwa nukta moja ya wakati. Ukipandisha wastani hadi 90, pigo hilohilo linadai zaidi ya wati 120. Kila desibeli 10 ni mara 10 ya nguvu. Hapo ndipo amplifaya ndogo inapokata vichwa vya mawimbi, na twita, isiyovumilia ila wati chache, huungua ingawa spika imeandikwa wati 200. Watu hulaumu spika kuwa dhaifu. Kilichoiua ni amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake.

Ukinzani nao usiusome kwenye namba moja. Omu 8 ni jina; ukinzani halisi hupanda na kushuka kulingana na masafa. Spika ndefu ya R7 ya mwaka 2018 kutoka kampuni ya KEF, kwa mfano, imeandikwa omu 8 lakini KEF wenyewe wanataja kiwango cha chini cha omu 3.2. Huo ni mzigo ambao amplifaya nzuri inaubeba bila shida na risiva nyembamba ya sinema itaubeba kwa jasho. Ukilinganisha spika, tafuta kiwango cha chini, si jina. Na usifunge jozi mbili kwenye vituo vya A na B vya amplifaya kwa pamoja kama zote ni za omu 4: amplifaya inaona omu 2, inapata moto, kisha inajizima, au haijizimi.

Masafa yaliyoandikwa "30 Hz–25 kHz" bila kutaja desibeli hayana maana. Mmoja anaandika pale sauti iliposhuka desibeli 3, mwingine 6, mwingine 10. Kwa spika moja, tofauti kati ya -3 na -10 inaweza kuwa zaidi ya 10 Hz. Linganisha -6 kwa -6. Kwa dansi na taarabu, spika inayofika 40 Hz kwa uhakika inatosha. Besi za kielektroniki za muziki wa vijana hushuka chini ya hapo, na kwa hizo ni heri sabufa iliyowekwa vizuri kuliko kununua spika ndefu ya ukubwa usiotoshea sebule.

Kuna sheria ya maumbile hapa ambayo wahandisi huihusisha na jina la J. Anton Hofmann: boksi dogo, besi ya chini, sauti kubwa kwa nguvu ndogo, unapata mbili, ya tatu unailipia. Spika ndefu ipo kwa sababu hiyo. Inakula nafasi ya sakafu ileile ya spika ndogo juu ya stendi, lakini ina ujazo mkubwa na wufa mbili, zile koni kubwa za besi. Akikuambia mtu spika yake fupi ya wufa ndogo inashuka 30 Hz na ina desibeli 92, mojawapo ya namba hizo si ya kweli.

Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole, katikati ya urefu. Boksi lenye mbao za kulikaza ndani hutoa mlio mfupi, mkavu, wa juu. Lisilo nazo huvuma, na mvumo huo utausikia kwenye kila sauti ya mwanaume. Kwa spika za bei ya chini zenye koni 4 usoni, omba kufungua wufa moja. Ni skrubu 4 hadi 8. Ukikuta waya umeunga koni zote sambamba na kapasita moja tu imewekwa njiani kuelekea twita, hiyo si spika ya njia tatu, yenye koni tofauti kwa besi, kati na juu, hata ikiandikwa hivyo. Krosova, yaani saketi inayogawa masafa kwa koni na twita, ikiwa ya kweli ya njia tatu ina koili, kapasita na rezista, na kwa kawaida zinafika kumi au zaidi.

Pale wufa inapomkabidhi twita

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, na hakihitaji chombo. Piga pinki noizi kwenye spika moja, simama mbele yake mita 2, kisha tembea taratibu kwenda pembeni mpaka ufike kama nyuzi 60. Sauti ipungue ukali polepole, kwa mteremko mmoja. Ukisikia mahali inabadilika ghafla, kama mtu ameziba pua kisha akaiachia, spika hiyo ina kasoro ambayo chumba kitairudisha masikioni mwako kutoka ukuta wa pembeni kila wimbo.

Sababu yake inaeleweka. Koni ya milimita 165 huanza kubana sauti mbele yake kama tochi urefu wa wimbi unapokaribia upana wa koni, yaani karibu 2100 Hz. Twita ndogo ya milimita 25 ikipokea kazi kwenye 2600 Hz, yenyewe inamwaga sauti pande zote. Mbele ya spika kila kitu ni sawa. Pembeni kuna upungufu ukifuatwa na ongezeko. Ndiyo maana viwanda vingine huiweka twita ndani ya bakuli la kuongoza sauti, na KEF tangu 1988 huiweka katikati ya koni yenyewe kwa muundo wa Uni-Q. Spika ya njia tatu yenye midi ndogo, koni ya masafa ya kati, huepuka tatizo hilo kwa njia nyingine, kwa kukabidhi mapema. Kiwango cha upimaji cha Marekani cha ANSI/CTA-2034 kinapima spika kwenye pembe 70, kila nyuzi 10 kwa mlalo na kwa wima, ili jambo hili lionekane kwenye mchoro mmoja. Ukipata mchoro huo wa spika unayoitaka, usome kabla ya sifa zozote: mstari wa mbele uwe tambarare, wa pembeni uteremke bila vilima.

Kwa wanaokaa chini, kama kwenye baraza za magodoro za pwani na majlisi za Oman, sikio liko sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni, wakati twita ya spika ndefu iko 90 hadi 100. Kwa mita 2.5 hiyo ni karibu nyuzi 5 chini ya mhimili. Baadhi ya spika hazijali, nyingine hupoteza sehemu ya sauti ya kati mahali pa krosova. Inamisha spika mbele kidogo kwa kuinua miguu ya nyuma, na sikiliza ukiwa umekaa vile unavyokaa siku zote, si umesimama na muuzaji.

Kwa muziki wa majaribio, acha faili zilizozunguka kwenye simu mara kumi. Tumia CD au faili lisilobanwa. Anza na sauti ya msomaji wa habari unayemjua: kifua chake kisivume, herufi za "s" na "sh" zisikate. Kisha dansi lenye magitaa matatu, uone kama unaweza kulifuata gitaa la kati bila kujilazimisha. Kisha taarabu ya okestra, fidla nyingi pamoja na ala ya kanuni na akodiani. Hapo ukali wa twita hujitokeza haraka. Vipande vya sekunde 20 hadi 30, vilevile, kwa zamu. Baada ya hapo jozi iliyokuvutia ipigwe saa nzima kwa sauti ya kawaida. Mkono ukienda kwenye volyumu kuipunguza bila sababu, twita imezidi. Spika zenye ung'avu huuzwa haraka, na wenye nazo huzizima mapema.

Hakikisha pia nyekundu imeenda kwa nyekundu pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hutoweka na mwimbaji haonekani katikati. Jozi nyingi zimekataliwa kwa kosa hilo la waya. Waya wenyewe, shaba ya milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 5 ina ukinzani wa karibu omu 0.07, na hapo mjadala wa waya umeisha. Kwaruza tu ncha: ikiwa nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, chagua nene zaidi.

Zilizotumika

Spika nyingi nzuri hutufikia zikiwa zimeshatumika Ulaya au Ghuba. Bonyeza taratibu ukingo wa koni. Ukingo wa mpira hudumu. Wa sponji, kwa unyevu na joto la pwani, hugeuka unga unaobaki kidoleni, na utahitaji fundi wa kuubadilisha. Pitisha mpito wa 30 hadi 200 Hz kwa sauti ya chini: mkwaruzo maana yake koili imepinda au imeungua. Kwa mita ya kupimia umeme, spika ya omu 8 husoma karibu 5.5 hadi 7, ya omu 4 karibu 3 hadi 3.8. Ila kwa spika yenye jozi mbili za vituo vya waya, ukiondoa vibati vinavyounganisha vya juu na vya chini kisha ukapima vya juu, mita haitasoma kitu, na wengi husema twita imekufa. Kapasita ndiyo inayozuia umeme wa betri ya mita. Twita ipimwe kwenye vituo vyake yenyewe, au isikilizwe tu, sikio karibu, wufa ikiwa imetengwa.

Spika nyingi zenye amplifaya ndani kutoka Japani ni za volti 100, na nyingi za Marekani ni za 120. Zikichomekwa kwenye 230 au 240 bila transfoma huungua papo hapo. Spika za kawaida zisizochomekwa ukutani hazina shida hiyo, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuzipendelea.

Zikishafika nyumbani, ziinue kutoka sakafuni. Boksi ni MDF, na MDF ikinywa maji ya deki kila asubuhi huvimba kutoka chini, veneri ikaachia, na haina dawa. Tumia miguu yenye ncha iliyowekewa visahani vya chuma ili isikwaruze marumaru, au kipande cha granaiti chenye unene wa sentimita 3 kutoka kwa wakata mawe. Katika nyumba ya watoto kitambaa cha mbele kibaki mahali pake, kwa sababu kikombe cha twita kikibonyezwa na kidole hakirudi. Na karibu na bahari, fungua vituo vya waya kila baada ya miezi michache, sugua kutu ya kijani, kaza tena.